Moyo Uliopakwa Chokaa

Kwenye ukuta wa shule yetu, katika mtaa uitwao Kenya hapa Lubumbashi, mimi na wanafunzi tulichora kwa rangi ya kupuliza moyo wenye mishipa, mto Lualaba na pembetatu kubwa. Biolojia, jiografia na hesabu nilifundishia pale nje, na wanaume waliozoea kukojoa ukutani wakahama.

Direkta, mkuu wa shule ambaye hajashika chaki kwa miaka, aliupaka wote chokaa bila kuniuliza. "Hii iko buhuni, haiko masomo."

Wakojoaji wakarudi. Uvundo ulipomfikia ofisini, akaniletea brashi niandike kwamba ni marufuku kukojoa hapa.

Nilimrudishia brashi yake. "Bwana direkta, bale banaume bote balisomaka hapa kwako. Kusoma banajua, lakini ni michoro ilibahamisha."