Bi Mashuka Aweka Ufagio Chini

Huyu ndiye Bi Mashuka, mfua mashuka wa hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, ambaye shuka lake hata moja halikurudishwa na muuguzi. Binti wa mfagiaji wa soko aliyefagia mpaka kuku wakakosa cha kudonoa. Mjukuu wa mkunga aliyepokea watoto wa mtaa mzima, na hata walipoota mvi akawa anakumbuka nani alilia na nani alipigwa kofi ndipo alie. Mjane wa seremala aliyejenga nyumba ya vyumba vitatu kwa mikono yake, akafariki dirisha la jikoni halijapakwa rangi. Jina alilopewa na baba yake limo kwenye kitambulisho. Mtaani lilishasahaulika.

Kila alfajiri, jogoo hajamaliza la pili, ufagio wake wa chelewa ulikuwa kazini. Uwanja wake wa udongo mwekundu ulikuwa mtupu kama kiganja, na juu yake mistari ya ufagio ililala sambamba kama nywele zilizochanwa. Jani likianguka mchana lilijiona limekosea nyumba. Jioni alifagia tena. Akiulizwa, jibu lilikuwa moja: uwanja ni uso wa mtu, nani alale na uso mchafu?

Fundi viatu, jirani wa upande wa pili wa ua wa miti, hakuacha kumchokoza.

"Shemeji, leo nikija kuomba chumvi nikanyage wapi? Naogopa kuharibu mchoro."

"Kanyaga kwako. Kwako hakuna cha kuharibika."

Ndivyo walivyoishi, kwa amani.

Ufa ulianzia kona ya chumba cha wageni, pale maji ya bati yanapoangukia, ukapanda ukutani taratibu kama mtu anayetafuta dari. Bi Mashuka aliufunika kwa kalenda. Binti yake, karani wa mahakama, mtu asiyesema neno bila ushahidi, aliivua kalenda Jumamosi moja akaingiza vidole viwili ndani ya ufa. Jumamosi iliyofuata alikuja na mwashi, mzee aliyeitwa Timazi kwa sababu kamba yake ya kupimia ukuta haikutoka mfukoni hata akienda kuzika.

Mzee Timazi hakuutazama ufa. Alichuchumaa akatazama chini.

"Dada, marehemu alipomaliza nyumba, mlangoni paliwekwa ngazi ngapi?"

"Moja."

"Leo naziona tatu."

"Magoti yangu yamezeeka. Kila nikikaa miaka naona kizingiti kinapanda, namwita fundi aniongezee."

Mzee akacheka kimoyomoyo, mabega yakatikisika. "Magoti yako mazima, dada. Kizingiti hakijapanda. Chini ndiko kulikoshuka." Akaweka kidole ukutani. "Chokaa ya marehemu inaishia hapa. Kutoka hapa kwenda chini, shubiri nzima, ni mawe ya msingi. Haya hayakupaswa kuliona jua."

"Ni mvua," Bi Mashuka akasema.

"Mvua inanyesha na kwa jirani, na msingi wake umefunikwa. Yeye hafagii."

"Leo nimesifiwa kwa uvivu," fundi viatu akasema kutoka upande wake.

Mzee Timazi akainuka akishika kiuno. "Chovya chovya humaliza buyu la asali. Asubuhi kijiko cha udongo, jioni kijiko, miaka thelathini. Nyumba hii inaliwa na ufagio."

Bi Mashuka alimmiminia chai, akampa na sukari, lakini hakumtazama usoni mpaka alipoondoka. Mtu aliyefua damu za wajawazito na matapishi ya wagonjwa, akayatoa mashuka meupe, leo anaambiwa usafi wake ni kosa. Alihisi kama ameshikwa mkono ndani ya mfuko wa mtu.

Ushauri wa mwashi ulikuwa mfupi: rudisheni udongo, kisha pandeni mimea ya kutambaa iushike, maana udongo mtupu hauna mwenyewe. Binti naye akaongeza sharti lake.

"Mama, mvua za mwaka huu zikipita na udongo ukabaki, sina neno. Kona ikiondoka, utahamia kwangu."

"Kule ghorofa ya tatu?"

"Kule kule."

"Nitakanyaga nini huko?"

"Vigae."

"Haya, tumepatana," Bi Mashuka akasema. Seremala wake alikuwa amechagua kila mbao ya nyumba ile. Kuna usiku alilala sebuleni kabla paa halijawekwa, ili ajue upepo unaingilia wapi. Nyumba ya namna hiyo mtu haiachi akaenda kukaa juu ya vigae.

Basi wakarudisha toroli chache za udongo kwenye msingi, kisha Bi Mashuka akaenda kwa muuza miche wa njia panda akachagua kama anayechagua vitambaa: waridi jekundu, waridi la manjano, na maua marefu ya vichwa vikubwa kama sahani za chai. Aliyapanda kwa mistari iliyonyooka, kama mashuka juu ya kamba. Katikati ya mistari akaacha njia, na njia zile akazifagia.

Muuza miche alipopita kuona, aliweka mkono mdomoni.

"Mama yangu, hapa umepanga foleni. Hujafunika kitu."

"Hayapendezi?"

"Yanapendeza. Lakini maji yakishuka yatapita katikati ya hawa warembo wako bila hata kuwasalimu." Yule mwanamke alikuwa na umri wa binti yake, ila kwenye mimea aliongea kama muuguzi mkuu. "Usianze na ua. Anza na mahali. Jua linapiga wapi mchana? Kivuli kiko wapi? Watu wanakanyaga wapi? Maji yanaangukia wapi? Ukishajua mahali panaumwa nini, ndipo utafute dawa."

Lugha hiyo Bi Mashuka aliielewa. Hospitali nayo haikufua mashuka yote kwa maji ya aina moja. Siku mbili alikaa kwenye kigoda akihama na kivuli, akitazama uwanja wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mbele ya mlango, panapochomwa na jua tangu saa tatu, akapanda vimmea vyenye majani manene yanayotunza maji, na viua vyake hufunguka jua likipanda na kufunga likipoa. Chini ya tangi la maji, penye kivuli na unyevu, akalaza majani ya zambarau yanayotambaa, yale ambayo ukikata kipande ukakitupa, kesho kimeota. Kwenye mteremko wote wa uwanja mpaka kona ya ufa, akaweka kikaranga, ndugu yake karanga asiyezaa cha kula, mwenye viua vya manjano na mizizi inayoshika udongo kama mtoto anayeshika kanga ya mama yake. Waridi aliyaacha mawili tu, dirishani, kwa ajili ya marehemu.

Alikata vipande vya shina vyenye vifundo viwili, kifundo kimoja akakizika, kimoja akakiacha juu. Muuza miche alimkataza mistari.

"Panda kwa kupishana, maji yasipate barabara."

"Kama vifungo vya godoro," Bi Mashuka akasema.

"Hivyo hivyo."

Kupanda hakukumshinda. Kilichomshinda ni majani makavu. Aliambiwa ayaache yalale katikati ya miche, yaulinde udongo mpaka kikaranga kikutane. Alfajiri mkono wake uliamka kabla yake, ukapapasa nyuma ya mlango. Ufagio akaupeleka stoo, akarundika mizigo mbele yake. Fundi viatu naye hakusaidia.

"Shemeji, mtaani wanasema umekuwa mzee, uwanja umekushinda."

"Nani anasema?"

"Mimi. Wengine wananisikiliza."

Wiki zikapita. Mbele ya mlango kijani kikafunga, chini ya tangi zambarau ikatambaa mpaka kwenye njia. Kona peke yake ndiyo iliyochelewa, kwa kuwa jua lake lilikuwa kali. Miche ilishika, lakini ilikuwa bado haijashikana.

Ndipo wenzake wa udobi wa hospitali, wastaafu watatu, wakatuma salamu kwamba Alhamisi watamtembelea. Wanawake wale waliwahi kupima weupe wa shuka kwa kulishika dhidi ya dirisha. Alhamisi hiyo alfajiri Bi Mashuka alisimama kwenye kona ile, akaona majani makavu, vijiti, na ganda la ndizi lililopeperushwa na upepo. Kwa macho ya wageni wale, aliona jalala. Akajiambia mara moja tu, kwa wepesi. Akaondoa mizigo stoo.

Shwa, shwa, shwa. Mikono ilifurahi jamani. Alipotazama nyuma, kona ilikuwa safi, na miche ya kikaranga imelala pembeni pamoja na takataka. Aliirudishia haraka haraka, akaibana kwa kidole, akaenda kuoga. Wageni walikunywa chai, wakasifia viua vya mbele ya mlango, wakaondoka. Kona hawakufika.

Mvua ilishuka Jumamosi saa nane mchana, mvua ya kupiga bati mpaka watu mnaongea kwa mikono. Binti alikuwapo. Walisimama mlangoni, mama na mwana, wakitazama maji. Yaliyopita mteremkoni yalikwenda polepole, yakijigawa kati ya majani, na yalitoka chini yakiwa karibu meupe. Ya kwenye kona yalikuwa mekundu kama chai ya rangi.

Ilipokatika, binti alivua viatu vya kazini akazunguka nyumba nzima na rula ya mfukoni. Mteremko umeshika. Chini ya tangi pameshika, na udongo umejikusanya kwenye majani, umepanda vidole viwili kuelekea chokaa. Kwenye kona palikuwa na shimo la kuingia bakuli, na jiwe la msingi limekaa wazi.

"Mama, mbona hapa hapakushika? Miche ni ile ile."

"Kuku hao," fundi viatu akadakia toka kwake, kwa huruma. "Kuku wangu mimi. Wanachakura sana."

Njia ya kutokea ilikuwa imefunguliwa, na pana. Bi Mashuka aliutazama ua wa miti, akamtazama na binti yake, magoti matupu na matope hadi kwenye kifundo cha mguu.

"Kuku wake hawajavuka ua huu tangu wazaliwe," akasema. "Nilifagia mimi. Alhamisi, kwa ajili ya wageni."

Maji yalidondoka toka kwenye bati, tone, tone.

"Tulipatana, mama."

"Tulipatana. Sijalikataa neno langu. Ukisema nihame, nitakunja mashuka leo." Akashuka ngazi zote tatu, akaja kusimama kando ya shimo. "Lakini wewe ni mtu wa ushahidi. Umepima nyumba nzima. Mahali pote nilipoacha mkono wangu mbali, pameshika. Palipokosa ni hapa nilipogusa. Sasa nani wa kuhamishwa, mimi au mkono?"

Binti alitaka kucheka akajizuia, kisha akashindwa. Alichuchumaa, akajaza udongo kwenye shimo kwa viganja, akaupiga piga ushikane.

"Nionyeshe."

Bi Mashuka alikata kikaranga kutoka mteremkoni, vipande kumi na viwili, akavihesabu mkononi mwa mwanawe.

"Kona hii ni yako kuanzia leo. Mimi kwingine naweza, hapa siaminiki. Uje kila Jumamosi mpaka pafunge, na pakifunga bado ni pako. Kifundo kimoja chini, kimoja juu. Pishanisha. Weka jiwe bapa hapo maji yanapoangukia, yavunjike nguvu kwanza. Halafu mwaga majani makavu juu."

"Na ukija kufagia?"

"Ninyang'anye ufagio," Bi Mashuka akasema. "Hata mbele ya wageni. Haya, inama vizuri, hicho umekipanda kichwa chini."