Ua la Mto Nililovaa Kichwani

Nilipokuwa mtoto kule kijijini Hewani, kuchuma ua fulani kulikuwa kosa kubwa kuliko kuiba kuku. Kuku angalau utamla. Ua lenyewe huchomoza msituni kando ya Mto Tana masika yanapoanza: bua tupu, na juu yake duara jekundu la nyuzinyuzi, kama nywele za mtu aliyeshtuliwa usingizini. Tuliliita ua la mto. Nyanya, aliyenilea, alionya kwamba atakayelichuma kabla wakubwa hawajaliona atauleta mto nyumbani.

Nilikuwa na miaka minane, msichana mchekeshaji asiye na jukwaa. Nikaliona moja, nikalichuma, nikalifunga kichwani na kuwaigizia wenzangu bibi harusi mwenye maringo. Walicheka mpaka wakagaagaa. Ndipo nikakumbuka onyo. Nikalificha uvunguni mwa kitanda.

Jioni Nyanya alikuwa akisifu mahindi yake ya ukingoni, chakula chetu cha miezi yote iliyobaki.

"Tuyaache wiki moja yakauke vizuri," alisema. "Ua la mto halijachanua."

Nikaweka bakuli langu la uji chini. Nikaenda nikamletea ua, limesinyaa kama mimi.

Nilingoja kofi. Yeye aliligeuza tu mkononi. "Lilikuwa limefunguka lote?"

"Lote, Nyanya. Nililivaa nikawa bibi harusi. Sasa mto utanifuata?"

"We mtoto! Mto una safari zake, haukujui. Alfajiri tunavuna. Nenda kawaambie majirani."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba umechuma. Na uwaambie kwa sauti, maana sauti ya kuchekesha unayo."

Niliaibika nyumba hadi nyumba. Siku mbili tulivuna, mengine mabichi. Siku ya tatu maji ya kahawia yalilala shambani, huku mahindi yetu yakining'inia juu ya meko. Nyanya aliyatazama maji, akasema, "Haya, yakishuka tupande mpunga."

Nimeshawachekesha watu wengi kwa kisa hiki. Lakini lile onyo halikuwa la adhabu: nilikuwa nimeiba barua ya mto kwa kijiji kizima.

Siku hizi mto hauna adabu ya zamani, huja utakavyo, na msitu umepungua. Masika haya nilimpeleka binti yangu huko msituni. Ua lilikuwepo palepale. Hakuligusa, alikimbia kuelekea majumbani akipaza sauti, "Limechanua! Jamani, limechanua!"

Mimi nikabaki nalo, mikono nimeifunga mgongoni. Najijua.