Kobe Aliyekula Kupe

Watu nikiwasimulia habari hii huniambia nilikuwa mtoto jeuri. Ndiyo, nilikuwa jeuri. Tuendelee.

Ilikuwa kiangazi, mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini kwetu, upande wa Migato, kugombania pamba na chama cha ushirika. Kila mtu anaimba ruksa, ruksa. Lakini josho la kijiji lilikuwa limekauka, kwa kuwa serikali haikuleta tena dawa ya kuogeshea ng'ombe, na kila mfugaji aliambiwa ajinunulie. Baba hakuweza. Ng'ombe wetu wakajaa kupe, na ndama mmoja akafa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, huku anahema mpaka inatia huruma. Kaka zangu walishahamia Lamadi kwenye samaki, kwa hiyo kazi ya kuchunga ndama na kuwatoa kupe kwa vidole ikaniangukia mimi, msichana wa miaka kumi na mitatu. Niliichukia kazi ile kupita kiasi.

Kobe nilimwokota kwenye lambo tulikonyweshea. Maji yalibaki kidogo tu katikati, ng'ombe wanakanyagana humo, na pembeni tope limekauka na kupasuka. Yeye alikuwa amenasa ndani ya alama ya kwato, mdogo, hajazi hata kiganja cha mtoto. Kunguru wawili walishamwona. Nikawafukuza, nikamfunga kwenye ncha ya khanga. Niliamua palepale kwamba nitamtunza mpaka mvua ijaze lambo, kisha arudi kwao.

Sasa, sisi kobe tuliyemjua ni yule wa porini, mla majani. Nikamweka kwenye boksi kavu, nikampa matembele. Siku tatu hakugusa kitu. Alikunja shingo yake ndefu pembeni, chini ya gamba, kama mtu aliyenuna. Mayu, yaani mama yangu, akaniambia, "Ng'wanone, mwanangu, hicho kinakufa. Kakitupe."

"Thubutu!" nikasema. "Hakifi."

Siku ya nne nikakumbuka kwamba nilimtoa lamboni, nikamtia kwenye karai kuukuu lenye maji, nikaendelea na ndama wangu hapo karibu. Kupe mmoja akaniponyoka, akadondokea majini. Kobe akachomoa shingo, akamnyakua! Nilipiga ukelele hadi mayu akatoka jikoni na mwiko, akidhani ni nyoka. Kuanzia siku hiyo nikawa nakagua masikio, mapaja na chini ya mikia ya ndama kwa bidii ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona kwangu. Mvua za kwanza zilipoanza, kobe alikuwa amenenepa hata miguu inagoma kuingia ndani ya gamba.

Mvua ilinyesha siku mbili, lambo likajaa. Nilipanga kumpeleka mchana ule, wakati wa kunywesha. Ndipo ikaingia pikapu ya mnunuzi wa ngozi.

"Mwadila," akamsalimia baba, huku macho yake yakiwa kwenye karai. Nyuma ya gari alikuwa na kreti, ndani yake makobe wa porini wamepandana. Alisema Wazungu wanawapenda, hasa wakiwa wadogo. Akatoa kichupa cha dawa ya kupe. "Mzee, nipe huyu, uchukue hii."

Niliona uso wa baba. Haukuwa uso wa tamaa. Alikuwa anawawaza ndama waliobaki, na hilo ndilo lililonitisha, maana mtu wa tamaa ningemdharau kirahisi.

"Lete karai," baba akasema.

"Sileti, baba."

"Kilichomo kwenye mji wangu ni changu."

"Huyu hajala chako hata siku moja. Amekula kupe. Kama na kupe ni wako, haya, mchukue."

Mnunuzi akacheka. "Mzee, binti yako ana mdomo! Siku hizi kila kitu kinauzwa, mama."

"Huyu hauzwi."

Kwetu binti hajibizani na baba yake mbele ya mgeni. Nilijua hilo vizuri sana. Nikajitwika karai, nikaondoka. Nilitembea, sikukimbia, kwa sababu sikuwa mwizi. Wakanifuata wote wawili wanafoka. Nilipofika lambo nikaingia na nguo zangu mpaka maji yakafika kiunoni, nikaliinamisha karai. Kobe akaelea kidogo, akapiga miguu, akazama. Moyo wangu ulifurahi na kuuma kwa pamoja. Mnunuzi akatukana, akarudi kwenye gari na kichupa chake.

"Unajua umefanya nini?" baba akauliza kutoka ukingoni.

"Najua. Ndama nitawatoa kupe mimi, kila siku, mpaka mvua ziishe."

"Na wakifa?"

"Unichape mara mbili."

Nilipotoka alinichapa mara ya kwanza, kwa fimbo ya kuchungia, miguuni. Sikulia. Na kupe niliwatoa kweli, asubuhi kabla ya shule na jioni nikirudi, hadi vidole vikawa vinanuka damu. Hata hivyo ndama wawili walikufa. Siwezi kujitetea kwamba labda dawa ile ilikuwa imechanganywa maji. Huenda ilikuwa nzima, huenda ingewaokoa. Niliwalilia mpaka sauti ikakauka, na baba hakuigusa fimbo.

Tuliishi tukipendana mpaka akazeeka. Alipolala kitandani kwa ugonjwa uliomchukua, nilienda kumuuguza, nikapiga magoti kumwamkia kama tunavyomwamkia baba. Akaushika mkono wangu.

"Ng'wanone," akasema, "kwa wale ndama wangu bado hujaniomba radhi."

"Sijaomba, baba," nikamwambia, nikiwa bado nimepiga magoti. "Na sitaomba."