Gari Nililolirudisha Safi

Mkisema natunga, nendeni Cheyo, pale Tabora, mkaione cherehani ya dada yangu. Nasimulia nilichokiona mwenyewe, tena mchana.

Siku za Mwingereza nilikodi gari Tabora kupeleka maharusi Ipole. Mwenye gari, Mhindi muuza vitambaa, alilizunguka na chaki, kila mkwaruzo wa zamani akauchorea duara. "Usio na chaki ni wako," akasema. "Doa kitini pia lako." Rehani niliweka cherehani ya dada, ile ya kukanyaga kwa miguu. Alikuwa mjane, akilisha wanawe watatu kwa cherehani hiyo.

Njia nzima niliwakataza maharusi wasiegemee milango, chaki isifutike.

Narudi peke yangu, jua la saa tisa, mzee mmoja akanipungia mkono. Begani alikuwa na sugu kubwa, ya wapagazi wa misafara ya zamani. Mguu wa kushoto ulifungwa majani, unavuja damu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nifikishe Tabora. Wenzangu wameniacha kwa ajili ya mguu huu."

Wenzake gani? Misafara ile ilikwisha kabla sijazaliwa. Niamini, mimi huuliza kila kitu, lakini siku ile niliwaza viti tu.

"Gari si langu, mzee. Mguu huo utanifilisi. Uache hapo, upande wewe." Nikacheka.

Yeye hakucheka. "Mimi nimeachwa mara nyingi. Leo nabaki mimi, uende mguu."

Nikaondoa gari. Kwenye kioo nikamwona amesimama kwa mguu mmoja. Wa pili haukuwepo.

Nilisimama mara tatu kupekua gari, hata chini ya viti. Hakuna tone. Mwenye gari naye akapekua, akahesabu duara zake, akasema, "Umelitunza." Sikulipa senti ya ziada. Nikasukuma cherehani kwenye mkokoteni nikipiga mluzi.

Asubuhi dada akaniita. "Mdogo wangu, nani kakanyaga hapa?"

Kwenye pedali palikuwa na unyayo mmoja wa damu, wa kushoto. Akaufuta. Kesho yake upo. Akianza kushona, pedali inamtangulia, inachechemea, na kila nguo inatoka na tone pindoni. Wateja wakakoma. Nani anunue cherehani ile? Dada akaenda kulima tumbaku ya watu, na hadi leo nikimsalimu haitikii.

Nimeirudia barabara ile mara nyingi. Mzee simwoni.

Nawe ukikodi gari, linda chaki upendavyo. Ila majeruhi akikuomba umpandishe, usimtanie. Kiti kile kingeoshwa kwa ndoo moja ya maji.