Mashine Nzito ya Bi Kadzo

Siku yangu ya kwanza kazini, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilifika na mfuko wa spana. Fundi Mkuu wa lile duka la kutengeneza mashine za ofisi, hapa Malindi, aliutazama mfuko, kisha akanitazama mimi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Hizo spana za nini, mwanangu? Waja kufunga magurudumu ya baiskeli?"

Akanipa bisibisi nyembamba, nikaanza kazi. Zaidi tulitengeneza taipureta. Kompyuta zilikuwa chache, na chumvi ya bahari ilizila upesi. Fundi Mkuu ndiye aliyenifundisha habari za diski, kile kisanduku cha chuma ambamo kompyuta huweka kila kitu chake. Ukitaka diski mbili katika mashine moja, ulizifunga kwenye waya mmoja bapa, na sharti moja iwe ya kwanza, nyingine ya pili. Nafasi hizo zilipangwa kwa jampa, kikofia kidogo kinachovishwa pini mbili nyuma ya diski. Ukizifanya zote za kwanza, mashine haiamki. Na kwa kuwa mashine huamkia diski ya kwanza na kusoma kazi zake humo, ukitanguliza diski kuukuu, ile mpya inakaa bure.

"Ng'ombe mzee akitangulia njiani, kundi zima lenda mwendo wake," alisema Fundi Mkuu. Mimi nilicheka. Sikujua kwamba maneno hayo yangekuja kuniuma.

Hoteli moja kubwa ilikuwa mteja wetu. Karani wa mapokezi alikuwa Bi Kadzo, mjane wa kijiji cha Ganda aliyesomesha watoto wake kwa kazi ile peke yake. Meneja alinunua diski mpya yenye kasi, lakini kuhamishia kila kitu humo kungechukua siku nzima, naye hakutaka mashine ifungwe msimu wa wageni. Basi mtaalamu wake kutoka Nairobi akaifunga kama ya pili, akaondoka. Mashine ikabaki nzito vilevile. Wageni walipanga foleni, na Meneja akamfokea Bi Kadzo mbele yao.

Nilitumwa nikaitazame. Nilipoifungua tu, nikaona jampa zilivyokaa, nikamweleza Meneja.

"Diski ni mpya," alinijibu. "Aliyechoka ni huyu mama."

Nilikwenda mapokezi. "Si wewe, mama. Ni diski iliyotangulizwa."

Bi Kadzo alitabasamu, macho yakiwa chini. "Mwanangu, wanihurumia tu. Mkubwa hawezi kusema vile bila sababu."

Mwisho wa mwezi alifukuzwa. Wageni walipopungua, Meneja akakubali mashine ifungwe ile siku nzima aliyoikataa kwanza. Tulihamisha kila kitu, tukabadilisha jampa, diski mpya ikawa ya kwanza. Mashine ikakimbia. Meneja akawaita makarani wote.

"Mnaona? Tangu yule mama aondoke, kazi inakwenda."

"Bwana Meneja, ni jampa hizi," alisema Fundi Mkuu.

"Ndiyo, ndiyo. Asanteni sana."

Tulipofika nje Fundi Mkuu alitema mate, akapanda baiskeli yake bila kuniaga. Hasira ile ninayo hadi leo, wala sina haja ya kuipoza.

Baadaye nilipelekwa Kilifi, kisha Magarini, na mwisho nikarudi Malindi nikiwa mimi ndiye Fundi Mkuu. Diski zenye jampa zimetoweka, na vijana wa leo hawazijui. Si neno, chombo hakidumu. Ila kila nilipoitwa nikaambiwa karani fulani ni mzito, nilifungua mashine kwanza, ndipo nikamtazama mtu. Nanyi fanyeni hivyo.

Mwaka niliostaafu nilikwenda Ganda, kwenye matanga ya Bi Kadzo. Mwanawe mkubwa alinikaribisha kitini, akanisimulia maisha ya mama yake: vibarua vya kulima, maji ya kuuza, watoto wawili walioacha shule.

"Alikuwa na kazi nzuri hotelini," alisema. "Lakini kompyuta ilimshinda. Mwenyewe alituambia."

Nikamweleza yote: diski mbili, waya mmoja, jampa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa mzee, mbona hukumwambia yeye?"

"Nilimwambia, mwanangu. Alimwamini Meneja."