Picha ya Binamu Yangu Kwenye Nakala

Nilirudi Juba kutoka Nairobi na diploma ya kompyuta niliyojilipia mwenyewe, na mtaa wetu wote wa Hai Amarat hakuna aliyenifikia kwa ujuzi. Shangazi alitaka kumwona mwanawe, ambaye hakuwa amemwona tangu vita. Picha yake ilikuwa kwenye tovuti ya kanisa huko Australia alikokimbilia, lakini tovuti ilikuwa imezimwa.

“Usijali, shangazi. Injini ya kutafuta mtandaoni huweka nakala za kurasa.”

Nakala ikafunguka: maneno yote, na kisanduku cheupe mahali pa picha. Nikamfafanulia kitaalamu kwamba nakala hutunza maneno tu, picha bado huombwa kwa tovuti ileile iliyozimwa.

“Uso uko wapi?”

Nikamsomea maandishi yaliyo chini ya kisanduku: mwanawe ni wa pili kutoka kushoto.

Akagusa ule weupe. “Huyu?”

“Huyo.”

“Amenenepa,” akasema.