Kipande cha Ng'ombe

Munyiva aliwafundisha Kidato cha Pili chati ya pai kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na pembe na mkia.

Mwaka wa elfu mbili jua liliikausha Machakos mpaka nzi wakakonda. Shule ilikuwa na tangi lake, lakini wasichana walitumwa mtoni kila asubuhi kuchimbua mchanga wapate maji, wakirudi somo la hesabu limekwisha. Basi Munyiva akawaambia wahesabu mitungi inayotekwa kutoka kwenye tangi, na inakokwenda. Kampasi za kuchorea duara hawakuwa nazo. Walizungusha penseli kwenye kifuniko cha mkebe wa mafuta, wakakata duara, wakalikunja mara mbili ili kitovu kionekane, kisha wakapima pembe kwa protrakta.

Kalekye, moto wa darasa lile, akachora ile chati kubwa ya kutundikwa siku ya wazazi. Jiko, kipande. Mabweni, kipande. Ng'ombe wa mwalimu mkuu, digrii mia mbili na kumi na sita.

Mwalimu mkuu, Justus, akamwita Munyiva ofisini.

"Madam, hii kitu ya ng'ombe ni kubwa sana. Punguza."

"Nipunguze maji ama rangi, Mwalimu?"

"Kipande. Na usisahau wewe ni mwalimu wa bodi tu. Serikali ikitaka kukuajiri, itaniuliza mimi."

"Duara halina uvungu wa kuficha vitu. Nikitoa kwa ng'ombe lazima nimpe mtu. Nimpe nani?"

"Wape wasichana."

Alisema hivyo kwa ukarimu, kama mtu anayegawa maji ya kweli. Munyiva akaweka protrakta mezani.

"Wape wewe. Mimi nimewafundisha kupima."

Justus akairarua chati. Munyiva akarudi darasani, akaamuru kila msichana achore yake na kumpa mzazi wake.

Siku ya wazazi ikafika na joto lake, akina mama wakawa wanajipepea kwa chati. Mmoja, Kavutha wa Tala, akasimama.

"Mwalimu Justus, hawa ng'ombe wako kidato gani?"

Jumatatu wasichana hawakwenda mtoni. Hesabu walifundishwa na mtu mwingine. Munyiva alikuwa kwao Kithimani, akipalilia nyanya za mamake, na kila jembe lilipozama udongoni alilitaja jina la Justus.